Video kila siku itatumaliza sisi, haitamaliza shida

Vijana wa Dilala, vijana wa Manika, wandugu na dada wa Lualaba yote,

Kila tukikaa siku tatu bila kuweka video, ujumbe unaanza kuingia. "Munalala?" "Balishabafunga kinywa?" "Balishakula makuta ya wakubwa!" Tumesoma yote, tumenyamaza. Leo tunajibu waziwazi: hatutarudi kwenye video ya kila siku. Mtutukane, lakini kwanza sikilizeni.

Kwa muda tulifanya vile mlivyotaka. Asubuhi video ya shimo limeanguka, mchana video ya polisi wa barabarani, jioni video ya mtaa hauna maji. Mega tulinunua kwa makuta yetu wenyewe, hakuna anayetulipa. Umeme ukikatika, tulienda kulipia mahali pa kuchajisha telefone. Dada mmoja wa timu alikuwa anakata picha za maiti mpaka saa nane ya usiku, peke yake, juu kila mtu alikuwa anangoja. Siku moja alizima telefone. Hakuiwasha kwa wiki tano. Neno la kufungulia ukurasa alikuwa nalo yeye tu. Wengi waliuliza video iko wapi. Waliouliza yeye anaendelea namna gani, tunaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Hiyo ni aibu yetu sisi, siyo yenu peke yenu. Lakini kuko hasara kubwa zaidi ya uchovu: tunasahau.

Tarehe 27 Juni 2019 ardhi ilianguka kwenye mgodi wa KOV, katika eneo la Kamoto Copper Company, kampuni ya kundi la Glencore. Wachimbaji wa mkono wasiopungua 43 walikufa. Tarehe 15 Novemba 2025, pale Kalando, daraja lilivunjika na watu walianguka mmoja juu ya mwingine. Serikali ya jimbo ilitangaza kwamba waliokufa ni angalau 32. Ripoti ya SAEMAPE ilitaja milio ya risasi za wanajeshi kuwa ndiyo iliyotia watu hofu wakakimbia. Kati ya mikasa hiyo miwili kuko miaka sita na zaidi. Mara zote mbili telefone zetu zilijaa picha.

Sasa jiulize, wewe unayesoma: familia za KOV zilipewa nini? Nani alijibu mbele ya mahakama? Ni video gani uliona, mwaka mmoja baadaye, inayorudi kuuliza maswali hayo? Kama hukumbuki hata moja, basi umeelewa shida yetu. Wakubwa wanaijua hesabu hii kuliko sisi. Wanajua tutalia siku nne, na siku ya tano kutakuwa jambo lingine. Hawana haja ya kutukamata wote. Wanangoja tu tupate video mpya.

Na haraka ina hatari nyingine. Sheria ya Kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023, kifungu cha 360, inasema anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo juu ya mtu kwenye mitandao anaweza kufungwa mpaka miezi sita. Tunapinga namna sheria za "habari ya uongo" zinavyotumiwa kunyamazisha watu. Mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa Septemba 2023, akatoka gerezani Machi 2024. Yeye alikuwa na jina kubwa, na dunia ilipiga kelele kwa ajili yake. Kijana wa Kasulo aliyeweka idadi ya maiti aliyoambiwa na mwenye pikipiki, nani atapiga kelele kwa ajili yake? Mwenye kuweka video kila siku hana muda wa kuuliza mtu wa pili. Siku atakapokosea, atakuwa amewapa kamba ya kumfunga, na familia ya waliokufa itaambiwa kwamba yote yalikuwa uongo.

Kuko wanaotuambia: "Angalieni Wakenya! Walishinda kwa TikTok." Tuliangalia. Ni kweli, Juni 2024 video zilikuwa nyingi sana, na tarehe 26 Rais William Ruto alisema hatatia sahihi mswada wa fedha. Lakini vijana wale walikuwa na mswada mmoja mkononi, ushuru wa mkate na wa mafuta ya kupikia ukiwa umeandikwa ndani, na siku ya kura bungeni inayojulikana. Na wengi walilipa kwa damu barabarani, siyo kwa mega. Video zao zilikuwa nyingi, jambo lao lilikuwa moja. Sisi tuko na video nyingi na mambo mia.

Hata hapa kwetu tunajua kushinda kwa namna hiyo. Mnakumbuka kodi ya RAM? Septemba 2020 ilianza kutukata kwenye telefone. Mwaka 2022 iliondolewa. Katikati kulikuwa mwaka mzima na zaidi wa raia kurudia swali lile lile: hiyo feza inaenda wapi? Swali lilifika bungeni mpaka waziri Augustin Kibassa Maliba akaitwa kujibu. Hakuna video moja iliyoiua RAM. Iliuliwa na watu waliokataa kubadilisha mada.

Tena msisahau tarehe 31 Desemba 2018. Uchaguzi ulipokwisha, intaneti ilikatwa nchi nzima, karibu wiki tatu. Harakati inayopumua kwa video ya kila siku, siku ile inakufa. Inayobaki ni ile yenye daftari, mashahidi na watu wanaojuana mtaani.

Kwa hiyo, mwendo wetu kuanzia sasa ni huu.

Jambo moja kwa mwezi. Wiki ya kwanza tunasikiliza na kuandika, telefone ikiwa mfukoni. Wiki ya pili tunapiga picha zote kwa siku mbili. Wiki ya tatu tunakata na kuhakikisha: kila idadi na kila jina vinahitaji watu wawili waliokuwepo, na sura za watoto zinafichwa. Wiki ya nne tunatoa, halafu tunakaa na wenye shida kusoma majibu.

Kila jambo linaandikwa katika daftari pamoja na tarehe ya kurudi: baada ya siku 30, baada ya miezi sita, baada ya mwaka. Siku hiyo tunarudi mahali palepale na swali lilelile, hata kama watazamaji watakuwa kumi.

Aliyepiga picha za maiti siye atakayezikata, na anapumzika wiki mbili bila kuombwa sababu. Ukurasa unashikwa na watu watatu. Picha za asili zinawekwa mahali pawili tofauti.

Na kama kuko jambo la haraka, mtu anayeweza kuokolewa leo, mwenzetu aliyekamatwa saa hii? Tutatoa habari leo leo: mistari mitano ya maandishi yenye mahali, saa na tunachodai. Video itafuata tukishajua vizuri.

Bwawa la Nzilo liko karibu na sisi, na tangu miaka ya 1950 linafanya kazi kwa sababu linashika maji ya masika na kuyatoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Wangefungua yote siku moja, wangeleta mafuriko, halafu giza. Umeme ule ulipangwa kwa ajili ya migodi, siyo kwa ajili ya nyumba zetu. Lakini hesabu ya kutunza maji tunaweza kuichukua.

Kwako unayetufuata, kazi ni hii. Kabla ya kuandika "video iko wapi?", chagua jambo moja la zamani la mtaa wako: nyumba iliyovunjwa, kisima kilichoahidiwa, ndugu aliyebaki shimoni. Tutumie tarehe, mahali, na nani aliahidi nini. Tutaliandika katika daftari, na siku yake ikifika tutaenda kuuliza pamoja na wewe.

Kolwezi, tusimame, na tusimame muda mrefu.