Kama Skripti Yako Haiangalii, Huna Bakapu

Wasee, leo nitaudhi watu. Ukiniambia "niko na bakapu" na skripti yako ya kurudisha data haiangalii kama faili ziko, wewe unacheza kamari.

Mimi nilichomeka hivyo. Skripti yangu ilianza na rm -rf ya folda ya zamani, ndio sasa ikaenda kutafuta bakapu. Bakapu haikuwepo. Video za mteja zote zikaenda, na deposit yake nilikuwa nishakula.

Na usiseme ni ushamba wa mtu aliyeacha chuo. Januari 2017, injinia wa GitLab alifuta hifadhidata akidhani yuko kwa seva ingine. Kuenda kwa bakapu, hakuna kitu: pg_dump ilikuwa toleo la 9.2, hifadhidata ni ya 9.6, so ilikuwa inafeli na hakuna aliyejua. Waliokolewa na nakala ya masaa sita nyuma, iliyokuwepo kwa bahati tu.

Dawa ni laini moja kwa kila faili unayohitaji, kabla ya kufuta chochote:

[ -s "$faili" ] || { echo "Haipo au ni tupu: $faili"; exit 1; }

Tumia -s, si -f. Hiyo -f inaridhika hata na faili tupu.

Eti inapoteza muda? Hata mama mboga hatupi nyanya za jana kabla za leo zishushwe.

Fungua skripti yako saa hii. Kama rm iko juu ya ukaguzi, geuza.