"Kali" pekee si sifa ya kinywaji

Kila baada ya miaka kadhaa taifa letu hupatwa na msiba ule ule. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki Nairobi, wengi wao katika mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Mwaka wa 2005 zamu ikawa ya Machakos. Mei 2014 vilio vilisikika Embu, Kitui, Makueni na Kiambu. Februari 2024 ikawa Kirinyaga. Baada ya kila msiba msako hutangazwa, machifu huonywa, pombe humwagwa mitaroni mbele ya wapiga picha, na miezi michache baadaye walevi na wauzaji hurejea pale pale walipokuwa.

Mengi yamesemwa kuhusu umaskini, ufisadi wa polisi na ulegevu wa sheria. Sina nia ya kuyapinga. Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo wachanganuzi wetu hulipita bila kuligusa, nalo ni lugha tunayotumia tunapokisifu kinywaji. Mimi ni mwalimu wa isimu, na ninaamini kwamba jamii hununua kile inachojua kukitaja. Jamii isiyo na kipimo cha kinywaji ila ukali wake hujiweka mikononi mwa yeyote awezaye kuuongeza ukali huo kwa bei nafuu.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Kisu kisicho butu ni kikali. Mbwa anayeuma ni mkali. Jua la adhuhuri ni kali, na mwalimu asiyecheka darasani ni mkali. Sifa hii moja imebebeshwa maana nyingi, na inapofika kwenye kinywaji huelemewa kabisa. Mnywaji wa Kaptembwo au Bondeni, hapa Nakuru, anaposema pombe fulani ni kali, anakusudia nini? Je, ni chungu? Imechacha? Inaunguza koo? Au inalevya upesi? Haya ni mambo manne tofauti, na pombe yaweza kuwa na moja bila kuwa na mengine. Kwa muuzaji mdanganyifu, mkanganyiko huo ni neema. Methanoli ya viwandani humsaidia kutoa kinywaji "kikali" bila gharama ya nafaka, asali, kuni wala siku za kungoja.

Majina nayo yanatoa ushahidi. Muratina imepata jina lake kutokana na tunda linalotumiwa kuichachua. Mnazi wa pwani una jina la mti unaogemwa. Majina haya yanamweleza mnywaji asili ya kinywaji chake. Sasa yalinganishe na "kumi kumi", jina linalotaja bei, au "machozi ya simba", jina linalotaja nguvu na kutisha. Kinywaji kinapoacha kuitwa kwa kile kilichomo na kuanza kuitwa kwa bei au kwa kishindo chake, mnywaji amekwisha kupokonywa haki ya kuuliza kimetengenezwa kwa nini.

Kwingineko duniani mambo yalichukua mkondo mwingine. Mwaka wa 1977 Mwingereza Michael Jackson, ambaye si yule mwimbaji, alichapisha kitabu kilichozieleza bia za dunia kwa makundi, kila kundi na tabia zake. Huko Marekani, tangu 1985, kuna mpango wa kuwatahini na kuwapa vyeti waamuzi wa bia. Karatasi yao ina alama 50: harufu 12, sura 3, ladha 20, mguso wa kinywani 5 na maoni ya jumla 10. Msomaji ataona kwamba ukali haukutengewa alama zake wenyewe. Unahesabiwa tu kadiri unavyopatana na sifa nyingine.

Mfano mzuri wa mtazamo huo ni bia nzito inayokomazwa ndani ya mapipa. Wamarekani wana whisky yao iitwayo bourbon, ambayo kwa mujibu wa sheria lazima ihifadhiwe katika vyombo vipya vya mti wa mwaloni vilivyounguzwa kwa ndani. Kwa kuwa mapipa hayo hayawezi kutumiwa tena kwa bourbon, hubaki mengi. Katika miaka ya 1990 watengenezaji wa bia, hasa kiwanda cha Goose Island cha Chicago, wakaanza kuyajaza bia nyeusi na kuiacha humo kwa miezi. Bia hiyo hunywa harufu ya mti, ya masizi na ya whisky iliyotangulia. Bia zetu nyingi za chupa hapa Kenya huwa na kileo cha asilimia 4 au 5 hivi, lakini hiyo aghalabu huzidi asilimia 10. Ni kali kwa kila hali, ila wanaoijua huinywa kwa tone, katika glasi ndogo, wakijadiliana.

Mwenzangu mmoja aliporejea kutoka Marekani na chupa ya namna hiyo, tulikaa watu watano, wote walimu wa lugha, tukaionja kwa kuifuata karatasi ile ya alama 50. Tulikubaliana kufanya mjadala kwa Kiswahili. Dakika za mwanzo zilitawaliwa na maneno matatu: kali, tamu, chungu. Kisha wawili wakahamia Kiingereza. Tulipojilazimisha kurudi, maneno yakaanza kujitokeza moja baada ya jingine. Mmoja alisema ina ukakasi, ule unaokamata ulimi mtu alapo ndizi mbichi. Mwingine akasema povu lake limepooza upesi. Wa tatu akataja harufu ya moshi na ya sukari guru. Nami niliona kwamba baada ya kumeza, uchungu ulitangulia na utamu ukafuata. Tuliipa alama 38. Si alama hizo ninazotaka msomaji azikumbuke, bali hili: Kiswahili hakikupungukiwa. Kina chapwa, kina chachu, kina kakasi, kina mashapo, kina kunukia na kunuka. Kilichopungua ni mazoea ya kuyatumia.

Isitoshe, mazoea hayo si mageni katika nchi hii ya Bonde la Ufa. Mama wa Kikalenjini anapotengeneza mursik, hukisugua kibuyu chake, sotet, kwa mkaa wa mti maalumu kabla ya kutia maziwa. Mkaa huo huyapa maziwa harufu yake na rangi ya kijivu. Mwenye nyumba akionja hutambua mara moja kama kibuyu hakikuandaliwa sawasawa. Je, hilo si pipa lililounguzwa kwa ndani? Kwa Wagikuyu, tunda la mwegea hukatwa, hukaushwa, kisha hutiwa katika maji ya miwa au ya asali. Hubeba chachu kutoka pishi moja hadi jingine, na likitunzwa hutumika mara nyingi. Kinywaji hicho kilikuwa cha posa, cha tambiko na cha mabaraza ya wazee. Hakikuwa cha vijana, wala cha asubuhi. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, anayewakaribisha wageni pombe huonja kwanza mbele yao. Desturi hiyo ilikuwa dhamana: aliyeipika alithubutu kuinywa.

La kushangaza zaidi ni kwamba Kenya ni nchi ya waonjaji. Chai ya Kericho haifiki kwenye mnada wa Mombasa kabla ya wataalamu kuivuta kwa kijiko, kuizungusha mdomoni na kuitema. Kahawa hupangwa kwa madaraja na kuonjwa kikombe kwa kikombe. Hata shayiri inayolimwa Mau Narok hupimwa kabla kiwanda hakijaipokea ili kuigeuza kimea. Tumefunza ndimi za Wakenya kwa ajili ya vikombe vya London na Karachi. Kile anachokunywa mkulima mwenyewe jioni, hakuna aliyeona haja ya kukipima wala kukipa daraja.

Historia inaeleza sehemu ya sababu. Enzi ya ukoloni, Mwafrika alikatazwa vileo vikali vya Kizungu, na pombe zake za kienyeji zikawa jambo la vibali na faini. Mwaka wa 1980 ikaja sheria ya kuharamisha chang'aa. Haikuisha, bali ilijificha. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo wananchi waliiita sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho, aliyekuwa Mbunge wa Naivasha, iliifuta ile ya 1980 na kuweka masharti ya umri, saa za kuuza na ufungashaji. Ilikuwa hatua ya busara. Lakini masharti yake yamekatwa kwa kipimo cha kiwanda. Mama mwenye sufuria mbili za busaa Rhonda, au mzee mwenye vibuyu vitatu vya muratina Bahati, hana njia nyepesi ya kuyatimiza. Hubaki gizani pamoja na mchanganyaji wa sumu, na sheria huwaita wote kwa jina moja: wapikaji wa pombe haramu. Hapo tena lugha imekosa kutofautisha, na asiyetofautisha hawezi kuhukumu kwa haki.

Nijihadhari nisieleweke vibaya. Kwanza, ulimi haugundui methanoli. Haina ladha wala harufu ambayo mnywaji angeweza kuitofautisha na kileo cha kawaida. Ndani ya ini hugeuzwa kuwa asidi inayoua mishipa ya macho, na mtu hupofuka au hufa. Hakuna msamiati utakaochukua nafasi ya maabara. Pili, sisemi pombe ni jambo jema. Wapo wanaoikataa kwa imani zao, na wapo waliouona ulevi ukizivunja nyumba zao. Wote hao wana haki ya kusikizwa. Ninalosema ni kwamba maadamu pombe inanyweka, ni heri inywewe na watu wanaouliza ni nini, imetengenezwa vipi na inafananaje, kuliko watu wanaouliza tu kama itawaangusha. Soko la wanaouliza swali la pili ndilo linalompa mwenye methanoli riziki.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku hizi mgema wetu anasifiwa kwa ukali, naye hutia kitu kibaya kuliko maji. Tukitaka abadilike, yatupasa tubadilishe sifa.

Ninapendekeza mambo matatu. La kwanza linazihusu kaunti, ambazo Katiba ya 2010 ilizikabidhi mamlaka ya kutoa leseni za vileo. Kaunti ya Nakuru, ambayo makao yake makuu yamekuwa jiji tangu Desemba 2021, inaweza kuwa na leseni nafuu kwa wapikaji wadogo wa pombe za kuchachua, zisizokenekwa, kwa sharti kwamba sampuli zao zipimwe maabara mara kwa mara. La pili ni letu sisi walimu. Mwalimu wa kemia anapofundisha jamii ya alkoholi, asiishie kwenye fomula. Awaeleze wanafunzi kinaga ubaga kwa nini methanoli huua, na kwamba mara nyingi hutoka kiwandani, si kwenye kibuyu cha babu. Vijana hao hawajafikia umri wa kunywa, lakini wana baba na kaka. La tatu ni la wanaisimu na wanafunzi wangu: yakusanywe maneno ya ladha, harufu na uchachuaji kutoka Kigikuyu, Kikalenjini, Kimaasai na lahaja za pwani, kabla wazee wanaoyajua hawajatutoka, ili Kiswahili kiyape makao.

Huenda mtu akauliza kama maneno yanaweza kuokoa maisha. Yamkini hayawezi peke yake. Hata hivyo, hakuna aliyewahi kudai ubora wa kitu asichoweza kuueleza. Mkulima wa chai alianza kulipwa vyema pale majani yake yalipopewa madaraja. Mnywaji wa Nakuru naye, akijua kusema "hii ni chapwa, ile ina ukakasi, na hii siijui asili yake, siinywi", atakuwa amepiga hatua ambayo miaka mingi ya misako haikumsaidia kuipiga.