AFYA NYUMBANI: Kazi ya Misuli ya Mkono wa Juu

Ndugu msomaji, mtu akitakiwa aonyeshe nguvu zake, aghalabu hukunja mkono na kufumba ngumi, tafu likavimba. Lakini tafu hilo ni mmoja tu wa misuli iliyopo kati ya bega na kiwiko, na si kila kazi ni yake.

Yafaa tukumbuke kwamba msuli huvuta tu, hausukumi. Ndiyo sababu misuli hupangwa kwa kukabiliana. Mbele pana tafu lenye vichwa viwili, na chini yake umelala msuli mwingine ulio hodari zaidi katika kukunja kiwiko. Nyuma pana msuli wenye vichwa vitatu, ambao hukinyoosha. Unapopeleka tonge kinywani, wa mbele hufanya kazi. Unaposukuma mkokoteni, ni zamu ya wa nyuma. Tafu pia hugeuza kiganja kielekee juu. Fundi anayekaza parafujo kwa mkono wa kulia hulitegemea.

Sasa tuitazame ndoo ya maji ya lita 20, yaani kilo 20. Ukiiinua kwa mkono mmoja, kiwiko kikiwa kimekunjwa pembe mraba, kiganja huwa kadiri ya sentimeta 35 kutoka kiwikoni, ilhali kano ya tafu imejishikiza sentimeta 5 hivi tu kutoka hapo. Kwa hiyo misuli hulazimika kuvuta mara saba ya uzito ule: kiasi cha kilo 140! Basi usinyakue mzigo mzito kwa ghafla. Usogeze karibu na mwili, uinue taratibu kwa mikono miwili, au uyagawe maji katika ndoo mbili.

Ukisikia kitu kikikatika mbele ya kiwiko, kisha yakafuata maumivu, vilio la damu na udhaifu wa kugeuza kiganja, usiridhike na kuchuliwa mafuta. Huenda kano imekatika. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani kano iliyokatika hunywea, na kadiri siku zinavyopita ndivyo inavyokuwa vigumu kuirudisha mahali pake.

Wahenga walinena kuwa mkono mmoja haulei mwana. Wala, ndugu msomaji, haustahili kubebeshwa peke yake mzigo wa mikono miwili.