Aretha Hakurudia

Pembezoni mwa insha ya mwanafunzi wangu mmoja, mtahini mwenzangu aliandika kwa kalamu nyekundu: "Si kweli. Mtunzi ni Otis Redding. Aretha aliurudia tu." Kisha akapunguza alama. Mwanafunzi huyo, binti wa watu wa Unguja aliyezaliwa huku Uingereza, alikuwa ameandika kwamba wimbo "Respect" ulitungwa na Aretha Franklin. Kwa mujibu wa maandishi ya santuri, binti amekosea. Nami nadai kwamba aliyekosea zaidi ni mwenye kalamu, na kosa lake ni letu sote tunaosomesha fasihi kwa kukodolea karatasi macho huku tumeziba masikio.

Nianze na yasiyo na ubishi. Otis Redding aliurekodi wimbo huo mwaka 1965, katika studio za Stax mjini Memphis. Ulipendwa: ulifika nafasi ya 4 katika orodha ya nyimbo za rhythm and blues, na ya 35 katika orodha ya jumla ya pop. Ni wimbo wa mwanamume anayerudi nyumbani. Ameleta fedha, na anamwambia mwanamke wake kwamba mengi atayavumilia, ila akishavuka kizingiti apewe heshima yake. Sauti yake inakwaruza, ina haraka, na tarumbeta zinamsukuma kwa nyuma kama watu wanaosukuma gari lililokwama. Ni kazi nzuri. Asije mtu akasema nimemdharau Redding, kwani wachache katika kizazi chake walijua kama yeye kulifanya neno moja libebe uzito wa ubeti mzima.

Tarehe 14 Februari 1967, Aretha aliingia katika studio za Atlantic jijini New York. Alikuwa na umri wa miaka 24, binti wa mhubiri mashuhuri wa Detroit, na nyuma yake alikuwa na miaka kadhaa chini ya kampuni ya Columbia, ambako kipaji chake kilisifiwa sana na kutumiwa vibaya. Mtayarishaji alikuwa Jerry Wexler, mtu aliyejua lini anyamaze. Kwa kuwa Aretha hakuja kupokea mpango wa mtu, alikuja nao. Yeye na mdogo wake Carolyn walikuwa wameuchezea wimbo huo nyumbani, kwenye piano, mpaka ukawa kitu kingine. Studioni piano aliipiga mwenyewe, na Carolyn na dada yao Erma wakawa waitikiaji.

Hapo ndipo mtahini mwenzangu alipaswa kutega sikio. Wavivu husema Aretha aligeuza jinsia tu: alipokuwapo mwanamume akamweka mwanamke. Lau angefanya hivyo tu, tungepata wimbo wa mwanamke anayengoja fedha za mume na kuomba heshima kama nyongeza. Haukuwa huo. Mwanamke wa Aretha ana fedha zake mwenyewe, na yeye ndiye aliye tayari kuzitoa. Kwa Redding, heshima ni ujira wa mleta riziki. Kwa Aretha, heshima haiuzwi wala hailipwi. Ni sharti la kuishi pamoja, na asiyelitimiza atakuta nyumba tupu. Madai yaliyokuwa ya mwenye nguvu yamekuwa madai ya mwenye haki. Mabadiliko ya namna hii yakitokea kati ya mashairi mawili ya majibizano, sisi wenyewe huyaandikia sura nzima katika tasnifu.

Kisha kuna zile herufi saba. Kitendo cha kulitaja neno la kichwa herufi baada ya herufi, kama mwalimu anayemfundisha mtoto mzito wa kuelewa, hakimo katika wimbo wa Redding. Leo mtu asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji huzijua herufi hizo. Waitikiaji nao walizusha kiitikio chao, kifupi, cha kasi, cha mzaha wenye meno, na kwa hicho lalamiko la mtu mmoja likageuka kuwa mazungumzo ya wanawake watatu waliokwisha kukubaliana. Redding hakuwa na kipande cha kati. Wa Aretha unacho, na ndani yake King Curtis anapuliza saksafoni juu ya mfuatano wa noti ulioazimwa kutoka wimbo mwingine wa Stax, wa Sam na Dave. Hata ukopaji huo ni utunzi: kujua ni kipi cha kuazima, na pa kukitia.

Mwezi wa Juni 1967 wimbo ulikaa wiki mbili juu kabisa ya orodha ya pop ya Marekani, na katika orodha ya rhythm and blues ulitawala kwa wiki nane. Redding mwenyewe, katika tamasha la Monterey mwezi huohuo, aliutambulisha kwa utani kwamba ni wimbo alionyang'anywa na msichana. Alicheka, akauimba. Alifahamu mapema kuliko wahakiki. Miezi sita baadaye alifariki katika ajali ya ndege, naye ana umri wa miaka 26.

Sasa tuje kwenye fedha, maana wasomi tunapenda kujifanya hatuzijui. Kila redio ya kawaida ya Marekani inapoupiga wimbo huo wa Aretha, mrabaha huenda kwa upande wa mtunzi aliyeandikishwa na mchapishaji wake. Aretha aliyeimba hakuwa akilipwa kitu kwa kupigwa huko. Carolyn na Erma hawakulipwa. King Curtis hakulipwa. Alipata sehemu yake katika mauzo ya santuri, naam, lakini kwa redio, sheria ya Marekani humtambua aliyetunga na kumpita aliyeimba kama mpita njia. Kwetu sisi tunaoishi Uingereza jambo hili ni kioja, kwa sababu hapa mwimbaji na wapigaji wana fungu lao. Mwezi wa Oktoba 2018 Marekani ilitia saini sheria iliyowapatia wasanii wa santuri za kabla ya mwaka 1972 haki ya malipo kwenye redio za mtandaoni na za setilaiti. Aretha alikuwa amekufa Agosti. Redio za kawaida hazikuguswa.

Basi kalamu nyekundu ya mwenzangu ina ndugu, na ndugu huyo ni sheria hiyo. Zote mbili zinaamini kwamba wimbo ni yale maneno yaliyoandikishwa, na kilichobaki ni koo tu. Nalishutumu hasa neno letu "kurudia". Mtu akiimba wimbo ulioanza kwa mwingine, tunasema ameurudia, kama mwanafunzi anayerudia darasa. Kwa neno hilo tumekwisha kuhukumu kabla ya kusikiliza.

Na ajabu ni kwamba anayelitumia ni mtaalamu wa taarab! Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, hakujua kusoma wala kuandika. Nyimbo zake zilipikwa pamoja na wenzake wa kundi lake, barazani na mazoezini. Nani kati yao alishika kalamu? Bi Kidude naye alijenga sehemu kubwa ya sifa yake juu ya nyimbo za Siti, akazipunguza beti, akazivuta, akazitia ngoma na ukavu wa sauti ambao Siti hakuwa nao. Sijapata kuona mhakiki wetu akithubutu kuandika kwamba Bi Kidude alirudia tu. Tunamwonea haya kwa kuwa ni wa nyumbani.

Najua jibu linalokuja: tukiufungua mlango huu, kila mwenye koo atadai utunzi. Hapana. Wengi wameuimba "Respect" baada ya 1967, na karibu wote wameimba wa Aretha, herufi zake na kiitikio chake, bila kuongeza kitu. Hao wamerudia, na neno linawafaa. Kipimo si kuimba. Kipimo ni kama wimbo uliotoka mdomoni ndio ule ulioingia sikioni. Wala sisemi jina la Redding lifutwe. Nasema kazi hii ina watunzi wawili, na ukimwongeza Carolyn huenda ni watatu, na mwanafunzi aliyemtaja mmoja wao hakustahili kukatwa alama kuliko mtahini aliyemtaja mwingine peke yake.

Alama nimezirudisha. Mwenzangu amelipeleka suala mbele ya bodi ya mitihani, nayo itakaa wiki ijayo. Nimeomba tupewe chumba chenye spika.