Mfumo gani kwa kompyuta ya zamani?



Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha utunzaji wa kawaida wa Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku ile. Lakini mashine iliyoachwa bila kutunzwa haizibwi tena matundu ambayo wezi wa mitandao hupitia. Windows 11 nayo hudai chipu maalum ya usalama na prosesa ya miaka ya karibuni, hata mashine nyingi zilizo nzima hukataliwa. Je, baba aliyenunua kompyuta ya mkono wa pili kwa fedha ya mavuno aitupe? La, hasha!

Iko familia ya mifumo iitwayo Linux. Kiini chake alianza kukiandika Linus Torvalds mwaka 1991, alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Ni programu huria, maana yake kila mtu ana ruhusa kuitumia, kuichungua, kuibadili, na kumpa jirani nakala. Mwalimu akiiweka katika mashine kumi za shule hajamwibia mtu. Je, wale wanaonunua sokoni Windows iliyovunjwa kufuli waweza kusema hivyo?

Shida ni wingi. Aina za Linux ni mamia, na mwanagenzi huzubaa mbele yao kama mgeni katika soko la vitenge. Wengine watamsifia Arch au Gentoo. Hizo ni za mafundi, asiziguse kwanza.

Kwa aliyezoea Windows, mimi nashauri Linux Mint, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Clement Lefebvre. Kitufe cha kufungulia orodha ya programu kipo chini upande wa kushoto, pale pale mkono ulipokwisha kuzoea. Sura yake kuu huitwa Cinnamon. Kwa mashine dhaifu iko sura nyepesi, Xfce. Wenyewe husema kumbukumbu ya gigabaiti 2 yatosha, ila 4 ni afadhali. Amini hiyo 4, kwa maana kivinjari cha intaneti ni mlafi.

Ubuntu ilitoka mwaka 2004 kwa juhudi ya Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu «utu». Ni nzuri, tena Mint yenyewe imejengwa juu yake. Lakini huomba mashine yenye nguvu zaidi, na mpangilio wake si ule wa Windows. Hata hivyo, ikiwa jirani yako anaijua Ubuntu, chukua Ubuntu. Siku mashine itakapogoma utahitaji mtu wa kubisha mlangoni kwake.

Faili la Mint lina karibu gigabaiti 3. Kwa bei ya vifurushi vyetu si haba. Basi mmoja alipakue, wengine wapewe nakala. Lakini kulinakili tu kwenye flashi hakutoshi: liandikwe kwa programu kama Rufus, nayo hufuta vyote vilivyokuwamo katika flashi hiyo. Kisha washa kompyuta kwa kupitia flashi. Mfumo utafunguka bila kugusa diski, nawe utazame bila haraka: Wi-Fi inashika? Sauti yasikika? Printa yaitika? Fungua pia mtihani ulioandikwa kwa Word. LibreOffice huusoma, ila majedwali mara nyingine huhama. Na kama kazi yako yategemea programu ya hesabu iliyotungwa kwa Windows tu, ngoja kwanza, maana huenda isikubali kabisa.

Ukiridhika, ndipo uweke. Hapo mashine itakuuliza kama ifute diski yote. Ukikubali, picha za arusi, alama za wanafunzi na barua zote zitapotea. Zihamishe kwanza kwenye diski nyingine, uichomoe, na uzifungue katika kompyuta ya mtu mwingine uone kama zimo kweli. Kisha chagua lugha, Kifaransa kimo.