Serikali iliyokimbilia ubalozini iwekwe jukwaani

Anayetaka kuandika tamthilia ya kejeli juu ya siasa za vita hapa Bujumbura hahitaji kubuni kisa. Tarehe 21 Oktoba 1993 wanajeshi walimuua Rais Melchior Ndadaye, ambaye alikuwa na miezi mitatu na ushee tu madarakani. Wakamuua Spika Pontien Karibwami na naibu wake Gilles Bimazubute, ili asibaki wa kurithi kiti kisheria. Waziri Mkuu Sylvie Kinigi na mawaziri kadhaa wakajihifadhi katika ubalozi wa Ufaransa. Wapinduzi wakamsimamisha François Ngeze awe kiongozi wa kamati yao. Haikupita wiki, kamati ikasambaratika. Cyprien Ntaryamira akaapishwa Februari 1994, na tarehe 6 Aprili akafa katika ndege iliyotunguliwa Kigali. Akafuata Sylvestre Ntibantunganya. Julai 1996 naye akakimbilia nyumbani kwa balozi wa Marekani, Pierre Buyoya akarudi ikulu.

Serikali mbili, balozi mbili. Wakati huo wananchi hawakuwa na ubalozi wa kukimbilia. Vurugu zilipoingia Bwiza na Buyenzi, Machi 1995, majirani zetu walibeba magodoro wakaelekea Uvira.

Mimi ni mtu wa Buyenzi, na jambo hili linaniuma. Tangu 1997 tulisikiliza redioni "Umubanyi Niwe Muryango", mchezo wa Marie-Louise Sibazuri uliotayarishwa na Studio Ijambo: familia ya Kihutu na ya Kitutsi zinazopakana nyumba. Ulikuwa mchezo mwema na ulitusaidia kusalimiana tena. Nitamshukuru Sibazuri maisha yangu yote. Lakini sisi wa karitie tumeshaigizwa vya kutosha, tumefundishwa kusameheana, tumelia. Waliotuvurugia nchi, je? Wao tunawasoma katika vitabu vya Kifaransa, kwa heshima zote, kwa vyeo vyao.

Wapo wazee wanaosema damu haichekwi. Nakubaliana nao, na hakuna anayeomba marehemu wachekwe. Wa kuchekwa ni tamaa ya kiti: yule anayekubali kutangazwa mkubwa wa nchi wakati mwili wa rais bado haujazikwa. Wole Soyinka alilifanya hilo mwaka 1984 katika "A Play of Giants". Aliwakusanya madikteta wa Afrika, mmoja wao sura ya Idi Amin, ndani ya ubalozi mmoja New York, na watazamaji wakawaona jinsi walivyo wadogo. Sisi ubalozi wetu ulikuwa wa kweli, upo hapa hapa mjini.

Basi vikundi vyetu vya maigizo vichukue kisa hiki, vikicheze kwa Kiswahili, Buyenzi kwanza kabla ya kumbi za katikati ya mji. Makarani, madereva na walinzi wa mwaka 1993 wengine bado tunakutana nao sokoni. Waandishi waende kuwauliza mwaka huu huu: nani alipiga simu, nani alikataa kutoka chumbani, nani alipika.