Cha Bure na Cha Wakfu

Aliyesoma chuoni hapa pwani anazikumbuka juzuu zilizoandikwa neno "wakfu" kwenye jalada. Neno hilo lilitosha. Kila mtoto alijua kuwa juzuu ile ni ya wote kuisoma, haiuzwi wala hairithiwi, na sharti la aliyeitoa halivunjwi.

Waalimu wengi siku hizi wanasomesha kwa intaneti, hasa tangu shule zilipofungwa Machi 2020, na masomo wanayachota popote wayaonapo. Kisicholipiwa hudhaniwa ni cha wote. La, jamaa! Mlango kuwa wazi si idhini ya kubeba vyombo.

Mwaka 2002, katika mkutano wa UNESCO, ndipo lilipozuka jina la nyenzo huria za elimu, na mwaka huo huo zikatolewa leseni za Creative Commons. Mimi naziona ni jamaa wa wakfu, ijapokuwa mwenye kazi hubaki na milki yake. Sharti huliandika kwa herufi chache. BY: mtaje mtungaji. NC: usichumie. SA: ukibadilisha, nawe toa kwa sharti lile lile. Linalowanasa waalimu wa Kiswahili ni ND, kwani linazuia kueneza kilichobadilishwa, na kutafsiri ni kubadilisha. Basi hata ukalitia somo la Kiingereza katika Kimvita kitamu namna gani, bila idhini huwezi kulieneza.

Kuna palipo wepesi. African Storybook, iliyoanzishwa na Saide ya Afrika Kusini, ina hadithi za watoto, za Kiswahili zikiwamo, na mwalimu ameruhusiwa kuzitafsiri na kuzigeuza zilingane na wanafunzi wake. Na Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, hauna mwenye kuudai: sheria ya Kenya hulinda kazi ya mtungaji kwa miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini maelezo na sherehe za mtaalamu wa leo ni mali yake. Usiyakokote pamoja na beti.

Malenga wetu walio hai hulalamika kuwa tungo zao zinatembea bila majina. Haki yao. Lakini wangapi huandika sharti chini ya shairi? Mwalimu mwaminifu asipoona ruhusa ataliacha, asiye mwaminifu atalitwaa na jina alifute, na watoto wa Lamu na Mombasa watasomeshwa mashairi ya kwao bila kujua ni ya nani.